Miaka Miwili ya Matazamio: Nani Khasa Aliyemjaribu Bwana Shauri?



Kila aliyepata kufanya kazi ya serikali, iwe kwetu au huku tuliko, anaijua ile barua. Inaanza kwa kukupongeza kwa kuajiriwa, halafu ukifika aya ya pili au ya tatu inakwambia kwamba utakuwa katika muda wa majaribio, na ukionekana unafaa ndipo utakapothibitishwa. Wazee wetu wakiuita muda wa matazamio. Mimi nalipenda zaidi neno hilo la zamani kwa sababu linasema kweli: mtu anatazamwa. Vijana wa maofisini wao husema tu fulani "yuko probesheni", wakamaliza.

Wengi wetu tunaichukulia probesheni kama kanuni kavu ya maofisa utumishi, kitu cha kujaza fomu na kusubiri barua. Lakini muda huu haukuteremka na mvua. Una historia yake, na ndani ya historia hiyo mna suali moja zito ambalo ningependa tulizungumze leo: mtumishi mpya wa serikali anatazamwa na nani? Na mwenye haki ya kusema "huyu hafai" ni nani? Katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki, zama za Mwingereza, suali hilo lilipata jibu la ajabu kidogo, na Kiswahili chetu kimo ndani yake.

Tuanze London, maana huko ndiko ulikotoka utaratibu tuliourithi sie. Hadi katikati ya karne ya 19 kazi za serikali ya Uingereza zilikuwa za kupeana. Mwenye mjomba bungeni au rafiki wa waziri alipata kiti, hata kama kichwani hamna kitu, na akishakaa hatoki mpaka pensheni au mauti. Mabwana wawili, Stafford Northcote na Charles Trevelyan, wakaandika ripoti fupi yenye tarehe ya Novemba 1853, iliyochapishwa mwaka uliofuata, wakasema bila ya kuuma maneno kwamba kazi za serikali zimekuwa kimbilio la wavivu na wasioweza kitu kwengine. (Trevelyan huyu ndiye yule aliyesimamia misaada wakati wa njaa kubwa ya Ireland miaka ya 1840, na Wairish mpaka leo hawajamsamehe. Mtu anaweza kuwa na akili nzuri ya utawala na moyo wa jiwe, yote mawili pamoja.)

Dawa waliyoipendekeza ilikuwa mtihani wa wazi. Tarehe 21 Mei 1855 ikatoka amri ya Malkia iliyounda Tume ya Utumishi wa Serikali, na amri hiyohiyo ikaweka miezi sita ya matazamio. Kijana akishapata cheti cha Tume anawekwa kazini, mkuu wa idara anautazama mwenendo wake na uwezo wake, na hapewi kazi moja kwa moja mpaka adhihirishe kuwa anafaa. Fikra yenyewe ni ya busara. Mtihani unapima anachokijua mtu, haupimi kama ni mlevi, au mwenye kiburi, au mtu wa kulaza mafaili mpaka yaote ukungu. Kuna kijana anayejua Kilatini chote na hajui kufika kazini kwa wakati. Kwa hivyo mtihani na matazamio vilikusudiwa viwe pacha, kimoja kifunge mlango wa mbele na kimoja kilinde mlango wa nyuma.

Wamarekani waliuchukua utaratibu huo kwa makusudi. Dorman Eaton, mwanasheria wa huko, alitumwa na Rais Hayes kwenda kuuchunguza utumishi wa Uingereza, akaandika kitabu kizima juu yake. Julai 1881 Rais Garfield akapigwa risasi na Charles Guiteau, mtu aliyejiaminisha kwamba anadaiwa ubalozi mdogo kwa sababu ati alisaidia katika uchaguzi. Garfield alifariki Septemba. Nchi ikashituka, na Januari 1883 ikapita Sheria ya Pendleton ambayo Eaton ndiye aliyeiandika kwa sehemu kubwa. Ndani yake mna sharti kwamba hapana ajira kamili kabla ya muda wa majaribio.

Wenzetu walioko Washington na Maryland hawahitaji kuelezwa sharti hilo limefika wapi. Februari 2025 maelfu ya watumishi wa serikali kuu waliokuwa bado katika muda wao wa majaribio walipokea barua za kufukuzwa, nyingi zikisema kwamba utendaji wao haukuridhisha, ilhali wengine walikuwa na tathmini nzuri mkononi. Jaji William Alsup wa San Francisco akaamuru Machi warudishwe wa idara sita, Mahakama ya Juu ikaisimamisha amri yake tarehe 8 Aprili, na Septemba jaji huyo akasema kuwa kile kisingizio cha utendaji mbovu hakikuwa cha kweli. Katikati ya hayo, tarehe 24 Aprili 2025, ikatoka amri ya Rais iliyogeuza jambo moja dogo kwa macho. Zamani mwaka wa majaribio ukipita na mkuu wako hakusema neno, umeshaingia. Sasa mkuu asiposaini kwamba kubaki kwako kuna faida kwa umma, umetoka. Kimya kilikuwa ndiyo, kikawa siyo. Sheria iliyozaliwa kuwazuia wakubwa wasigawe kazi kwa hawaa zao ikawa ndiyo njia nyepesi kwao ya kuwatoa watu kazini. Naitaja habari hii mapema ili tuone kwamba katika matazamio urefu wa muda si kitu sana. Miezi sita, mwaka, miaka miwili, yote sawa. Kitu ni nani mwenye kalamu.

Turudi kwa Waingereza, tuwafuate walikokwenda. India ndiko walikoutia mtihani wa ushindani kwa nguvu, kuanzia 1855, na kwa miongo mingi wakaufanyia London tu ili Mhindi aone tabu kuufikia. Aliyefaulu hakupewa kazi papo hapo. Aliwekwa katika matazamio Uingereza kwanza, akisoma sheria na lugha za Kihindi, na mwisho wake kulikuwa na mtihani wa kupanda farasi. Aurobindo Ghose, kijana wa Kibengali aliyelelewa Uingereza tangu utotoni, alifaulu mtihani wa kuingia mwaka 1890, akakaa Cambridge miaka miwili ya matazamio, kisha hakutokea kwenye farasi. Mwaka 1892 akakataliwa. Mwaka uliofuata akarudi India, na baada ya muda akawa miongoni mwa viongozi wakali wa kudai uhuru, kisha akaishia kuwa mwanafalsafa mwenye wafuasi dunia nzima. Wapo wanaosema aliukwepa mtihani ule kwa makusudi. Vyovyote iwavyo, farasi yule aliigharimu dola ya Uingereza zaidi kuliko ambavyo angeigharimu hakimu mmoja wa wilaya.

Sasa tuingie Afrika, na hapa nawaomba mnisikilize vizuri maana ndipo penye kiini. Kwa makoloni ya Afrika ule mtihani wa ushindani haukuletwa. Ule pacha wa kwanza aliachwa nyuma. Vijana wa utawala walichaguliwa kwa mazungumzo na kwa barua za walimu wao, na bwana aliyesimamia uchaguzi huo kwa muda mrefu kuliko wote alikuwa Ralph Furse, aliyeingia Wizara ya Makoloni mwaka 1910 na kuondoka 1948. Furse alitafuta tabia, alivyoielewa yeye: kijana wa skuli za kulipia, mchezaji, mtu wa kutazama mwenzake machoni. Masikio yake yalikuwa mazito, na walikuwapo waliokuwa wakitania kwamba hilo halikumzuia kitu kwa kuwa alichokuwa akikitafuta hakisikiki. Mwaka 1930 kamati ya Warren Fisher iliuchunguza utaratibu wake, ikampamba zaidi kuliko kumkosoa, na 1932 ukaundwa Utumishi wa Utawala wa Makoloni ulio mmoja.

Kwa hivyo kijana aliletwa kwetu bila ya kushindana na mtu. Alipewa kozi, kweli. Mwanzo ilikuwa ya miezi michache London, kuanzia 1926 ikawa Oxford na Cambridge, na baada ya Vita vya Pili ikajulikana kama kozi ya Devonshire. Humo alionjeshwa sheria, kilimo cha nchi za joto, afya, upimaji wa ardhi, hesabu, desturi za makabila, na mwanzo wa lugha. Kisha akapanda meli. Jina lake rasmi lilikuwa kadeti, na alikuwa katika matazamio, kwa kawaida miaka miwili. Ili athibitishwe ilimbidi afaulu mambo mawili ya mtihani akiwa kazini: sheria za nchi na kanuni za serikali, na lugha. Kwa Tanganyika na Zanzibar lugha hiyo ilikuwa Kiswahili, na Kenya nako Kiswahili ndicho kilichotangulia hata kama baadaye angepelekwa kwa Wakikuyu au Wajaluo. Asiyefaulu alikawizwa kuthibitishwa na nyongeza yake ya mshahara ikazuiliwa. Ukiyatia haya kwenye mizani utaona: baada ya kutoka chuoni, karatasi ya Kiswahili ilikuwa moja ya mitihani miwili tu ambayo Bwana Shauri alilazimika kuikalia kabla ya kuwa Bwana Shauri kamili.

Lakini kabla ya kuikalia karatasi hiyo alikuwa keshaanza kutawala. Hili ndilo ambalo vitabu vya kumbukumbu vya hao mabwana hulipita kwa mzaha mzuri na mimi sioni mzaha wake. Kadeti alipofika bomani alipewa mamlaka ya hakimu wa daraja la tatu. Alisikiliza kesi. Alisimamia kukusanya kodi ya nyumba na ya kichwa, alikagua gereza, alihesabu fedha za wilaya na kulipa mishahara. Mtu aliyesimama mbele yake akishitakiwa kwa kuiba mbuzi alihukumiwa na kijana wa miaka ishirini na mbili ambaye serikali yake yenyewe ilikuwa haijaamua kama anafaa, na ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha "jambo" na "lete maji". Matazamio ya kadeti yalikuwa juu ya mgongo wa mshitakiwa. Akikosea, DC alimwita pembeni, akaandika mstari mmoja katika ripoti ya siri. Yule aliyefungwa hakuwa na pahala pa kuandika chochote katika ripoti hiyo.

Basi nani aliyekuwa katikati? Karani. Hakimu asiyejua lugha anahitaji mtu wa kumfasiria, na mfasiri ndiye kesi. Babu yangu mzaa mama alikuwa karani katika boma la mji mmoja wa pwani ya Tanganyika, tangu miaka ya 1930 mpaka karibu na uhuru, na katika miaka hiyo alipokea makadeti wasiopungua saba au wanane. Alikuwa akiwaita "wanangu", nasi tukidhani ni mapenzi. Baadaye ndipo tulipofahamu kuwa alikuwa akisema kweli tupu, aliwalea. Jioni baada ya kazi kijana alikuja barazani na daftari lake, wakasoma pamoja, akamlipa shilingi chache kwa mwezi. Kesho yake asubuhi yule mwalimu alisimama na mwanafunzi alikaa. Babu hakuwa mtu wa manung'uniko, lakini alikuwa akipenda kuhadithia kadeti mmoja aliyefaulu mtihani vizuri, akampa mkono wa shukrani, na wiki ile ile akamkata mshahara wa nusu siku kwa kuchelewa, kwa barua iliyoandikwa kwa Kiswahili safi kabisa. Babu aliisahihisha kosa moja la ngeli akaitia kwenye faili.

Hao makadeti kwa kweli walikuwa na walimu watatu, na kila mwalimu na Kiswahili chake. Kilikuwapo cha kitabu: cha Steere, aliyetoa kitabu chake cha sarufi mwaka 1870 kwa alivyofundishwa na watu wa Unguja, na baada ya 1944 kile kizito cha Bibi Ashton. Kilikuwapo cha karani, chenye adabu na lafudhi. Na kilikuwapo cha safarini, cha tarishi na wapagazi na mpishi, ambacho ndicho alichokitumia zaidi. Masetla wa Kenya walikuwa na chao cha nne, cha kuamrisha tu, na kina kitabu chake kilichotungwa na Le Breton mwaka 1936 kwa ajili ya askari, masetla, wachimba madini, wafanyabiashara na wake zao. Kadeti akikitumia hicho kwenye chumba cha mtihani alikuwa amekwisha.

Na hapa pana jambo ambalo sisi tunaopenda kubishana juu ya Kiswahili sanifu huwa tunalisahau. Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja, na Januari 1930 ikaanza kazi Kamati ya Lugha ya nchi nne, yaani Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. (Wamombasa hawajalisahau hilo, na mimi siwalaumu, maana waliandaa karamu wakala wengine.) Tunazungumza siku zote kwamba usanifishaji ulikuwa kwa ajili ya vitabu vya skuli. Ni kweli. Lakini serikali inayowapima maofisa wake kwa lugha moja nayo inahitaji lugha hiyo iwe na sahihi na kosa. Huwezi kumfelisha mtu kwa Kiamu Dar es Salaam na kumpasisha kwa hichohicho Lamu. Tahajia moja na sarufi moja zilimfaa mtoto wa skuli, na zilimfaa pia mkaguzi anayetoa alama kwa kadeti. Na waliotoa alama aghlabu walikuwa Wazungu wenzake waliomtangulia. Mwenye lugha alifundisha, ila kalamu ya kupasisha haikuwa yake.

Katika hilo Wajerumani waliwatangulia Waingereza, na historia yao inatuhusu khasa sisi tunaoishi ughaibuni, kwa kuwa walimu wao waliwaleta Ulaya. Chuo cha Lugha za Mashariki kilifunguliwa Berlin mwaka 1887, na maofisa, wanajeshi, wamishenari na wafanyabiashara waliokuwa wakijiandaa kwenda Afrika ya Mashariki walisoma Kiswahili hapo. Pembeni mwa profesa alikaa msomaji, mwenye lugha. Amur bin Nasur, mtu wa Unguja, alikuwa msomaji huko katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1890, na aliandika juu ya maisha yake katika mji ule wa baridi. Baada yake, kuanzia 1900, alikuja Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, huyu ambaye Desturi za Wasuaheli, iliyotoka 1903 chini ya jina la Carl Velten, ni kazi yake kwa sehemu kubwa.

Mtoro alikuwa mwalimu wa watu ambao, wakishafika Bagamoyo, wangemwamrisha baba yake. Wanafunzi hawakumpa heshima ya mwalimu, yeye hakukubali kukaa kimya, na mwaka 1905 ajira yake ikaisha. Mwaka huohuo akasafiri kurudi kwao na mkewe, Bertha Hilske, Mjerumani. Wakuu wa koloni wakakataa ashuke na mkewe. Meli ikawarudisha Ulaya. Akaishi Ujerumani, akafundisha tena Hamburg, akafariki Berlin mwaka 1927. Hakuna aliyekuwa na kanuni ya matazamio kwa ajili yake, hakuna barua ya kumthibitisha. Na waliopitia mikono yake wakaenda wakathibitishwa. Kila nikipita Berlin namkumbuka, na huwa najiuliza wangapi katika maofisa wale walilitaja jina lake walipoandika ripoti zao za kwanza kwa Kiswahili kwenda kwa maakida. Waingereza walipoichukua Tanganyika walizikuta barua za namna hiyo mpaka vijijini, wakafurahi, wakaendelea nazo.

Upande wa pili wa meza, upande wa watumishi wa Kiafrika, mfano ulio wazi kuliko wote ni Martin Kayamba. Alizaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891, Mbondei kwa asili, akasoma Kiungani. Alikuwa karani mkuu wa ofisi ya wilaya Tanga, na mwaka 1922 aliongoza kuundwa kwa chama cha watumishi wa serikali wa Kiafrika mjini humo, Waislamu na Wakristo pamoja, jambo ambalo si dogo kwa wakati ule. Mwaka 1931 alipelekwa London pamoja na wenziwe wawili kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge juu ya kuunganishwa kwa nchi za Afrika ya Mashariki, na safari hiyo akaiandikia kitabu kwa Kiswahili. Mwaka 1932 akapandishwa kuwa Katibu Msaidizi katika makao makuu Dar es Salaam, pahala ambapo hakuna Mwafrika wa Tanganyika aliyewahi kufika kabla yake.

Mtazameni Kayamba hapo Tanga katika miaka ya 1920. Anazijua sheria za wilaya, anaijua lugha, anaijua na Kiingereza, anazijua koo za Bonde na Usambara, amekaa kazini miaka. Anaingia kadeti mwenye wiki mbili nchini. Kwa kanuni, huyu kadeti ndiye aliye katika majaribio. Kwa kanuni hiyohiyo, Kayamba atapokea amri zake. Matazamio ya kadeti yalikuwa na mwisho, miaka miwili na karatasi mbili, kisha mlango unafunguka mpaka ugavana ukipenda. Ya Kayamba hayakuwa na mwisho, na ilibidi afike miaka arubaini na moja ndipo mlango ufunguliwe kidogo, kwa mtu mmoja, kisha ukarudishwa. Ilipofika miaka ya 1950 ndipo kina Dunstan Omari walipoanza kuingia utawala wa wilaya wenyewe.

Uhuru ulipokuja, barua ya ajira ilibaki na aya zake. Tanzania ina Sheria ya Utumishi wa Umma ya 2002 na kanuni zake, na mtumishi mpya hukaa miezi 12 ya majaribio kabla ya kuthibitishwa. Kupanda cheo kunakwenda na uthibitisho huo, na kila mwenye ndugu mwalimu au muuguzi mikoani amewahi kusikia habari ya faili lililolala. Unguja, mwaka 1964, iliwafunza wazee wengi kwamba hata aliyethibitishwa zamani huweza kutolewa kwa neno moja la redio. Baadhi yao walianza upya Maskati baada ya 1970, wakapokea tena barua ya mtu mpya wakiwa na mvi kichwani.

Kilichoondoka ni ile karatasi ya Kiswahili. Inaeleweka, nani atamtahini Mzaramo Kiswahili? Lakini angalieni kilichofuata. Mgeni aliyekuja kututawala alilazimishwa kufaulu lugha ya watu ndipo athibitishwe kuwahukumu. Mwenyeji aliyeshika kiti chake hakulazimishwa hata kuitumia. Mahakama za mwanzo ziliendelea kwa Kiswahili, ila za juu yake kumbukumbu na hukumu zikaandikwa kwa Kiingereza, na mshitakiwa akasimama tena akisubiri karani amfasirie, safari hii baina ya Mswahili na Mswahili. Mpaka mwaka 2021 ndipo Bunge la Tanzania lilipopitisha sheria ya kuifanya lugha ya sheria na mahakama iwe Kiswahili. Miaka sitini tangu uhuru. Wapo wanaoulaumu ukoloni kwa hilo. Mimi naona hapo tujilaumu wenyewe, kwa sababu mkoloni, kwa maslahi yake, alikuwa ameliona suala hilo na alilitolea mtihani.

Nimalize kwa ombi. Watoto na wajukuu wa makarani na walimu waliowasomesha makadeti wametapakaa: Maskati, Dubai, Leicester, London, Toronto, Dar na Mombasa. Katika masanduku ya wazee mna madaftari ya mazoezi, karatasi za mitihani iliyopita waliyokuwa wakifundishia, barua za shukrani kutoka kwa mabwana waliokwisha thibitishwa. Majina ya makadeti yamehifadhiwa, yamo katika orodha za utumishi zilizochapishwa mwaka baada ya mwaka, na kumbukumbu zao zimo Oxford. Majina ya waliowafundisha yamo kwenye masanduku hayo. Mwenye nalo alifungue, aandike jina la mzee wake, mji, boma na miaka, kabla mchwa hawajamtangulia.